Pumzi Kabla ya Nota: Namna Okestra Inavyojiongoza Bila Mtu wa Kupunga Mkono

Miaka ile ya foleni ya kivuko, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, mwalimu wetu wa kwaya alikwenda Sengerema kumzika shangazi yake. Alituahidi kwamba misa ya pili ya Jumapili itamkuta kanisani. Haikumkuta. Saa tatu kasoro robo akapiga simu: yuko upande wa Busisi, magari yamepangana hadi mlimani, na kwa hesabu yake hatavuka kabla ya saa tano. Sisi tulikuwa tumeshavaa majoho, watu arobaini na kitu, na wimbo wa mwanzo ulikuwa wa sauti nne zinazopokezana, wimbo ambao hatukuwahi kuuimba bila mikono yake mbele yetu.

Mpiga kinanda akatoa doh. Tukatazamana. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akanong'ona, "Nani anaanzisha?" Hakuna aliyemjibu. Kisha mzee mmoja wa besi, fundi cherehani wa Makoroboi, mtu ambaye kwa miaka yote niliyokuwa kwenye kwaya sikuwahi kumsikia akitoa maoni, akainua mabega na kuvuta pumzi kwa nguvu, hata sisi wa mstari wa mbele tukaisikia ikipita puani mwake. Tukavuta pamoja naye. Tukaingia.

Wimbo haukuwa mzuri mwanzo hadi mwisho. Ubeti wa pili ulikimbia, na teno wakaiwahi kolasi. Lakini siku hiyo ndiyo nilisikia kwa mara ya kwanza sauti ya tatu inaimba nini hasa. Miaka yote macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya mwalimu, na masikio yangu yalikuwa yamepumzika.

Baadaye, nilipoanza kufuatilia habari za muziki wa klasiki wa Ulaya, nilikuta kwamba ziko okestra zinazofanya hivyo kwa makusudi, onyesho baada ya onyesho, mwaka baada ya mwaka. Nimewasimulia wenzangu wa kwaya kadhaa za hapa Mwanza, na wengi wanadhani ni vurugu, au ni ubishi wa vijana waliochoka kuamrishwa. Ni jambo lenye utaratibu mkali kuliko wanavyofikiri, na ukilielewa unasikiliza muziki wowote, hata wa harusini, kwa sikio jingine.

Tuanze na majina. Okestra ni kundi kubwa la ala zinazopiga pamoja: fidla, ambayo wapenzi wa taarabu wanaijua vizuri, na ndugu zake wakubwa, yaani viola, selo na besi, halafu filimbi za aina mbalimbali, matarumbeta, na ngoma. Okestra kubwa ya simfoni, yaani ya kazi ndefu zilizoandikwa kwa okestra nzima, ina wapigaji 80 hadi 100. Okestra ndogo, ile ambayo wenyewe huiita okestra ya chumba kwa kuwa muziki wake ulizaliwa katika kumbi za nyumba za wakuu na si katika majumba makubwa ya umma, ina watu kama 15 hadi 40, na mara nyingi wengi wao ni wa nyuzi. Na yule anayesimama mbele na kijiti mkononi, kwa Kiingereza ana jina ambalo hapa kwetu tumeshampa kijana wa mlangoni mwa daladala ya Igoma. Kwa hiyo nitamwita mwongozaji.

Mwongozaji ana kazi gani? Bila kulijibu hilo hatuwezi kusema nini kinatokea akiondoka.

Panda asubuhi moja kwenye vilima vya Mabatini au Igogo, mahali ambapo wapasua kokoto wako kazini, umtazame aliye mbali, ng'ambo ya bonde. Nyundo inashuka, inagota jiwe, inaanza kupanda tena, ndipo mlio unakufikia. Mwanga umefika papo hapo. Sauti imetembea, na mwendo wake hewani ni takriban mita 340 kwa sekunde. Mpasuaji akiwa mita 170 kutoka uliposimama, mlio wake unachelewa nusu sekunde nzima.

Sasa lihamishie hilo jukwaani. Okestra kubwa inaweza kutanda upana wa mita 20. Mpiga fidla wa ukingo mmoja akitaka kumfuata kwa masikio mpiga besi wa ukingo wa pili, atamsikia akiwa amechelewa karibu sehemu sita za mia za sekunde. Ni muda mdogo, lakini sikio la mwanamuziki linaugundua, na ubaya wake unazaana. Huyu akimngoja yule anachelewa. Yule naye akimngoja huyu anachelewa zaidi. Mwendo wa wimbo unalegea kama kamba ya kufulia. Dawa ni kuwapa wote kitu cha kutazama. Mkono wa mwongozaji unaonekana kila pembe ya jukwaa kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kuwapo kwake, nayo ni sababu ya kimaumbile, haina uhusiano na cheo. Na hapo hapo unaona kwa nini okestra ya watu 20 waliosimama katika nusu duara la mita sita au saba inaweza kumkosa na isiharibikiwe: ucheleweshaji wake ni kama theluthi ya ule wa jukwaa kubwa.

Kazi yake ya pili ni maamuzi. Nota zinasema sauti ipi ipigwe na kwa urefu gani, lakini haziwezi kusema kila kitu. Neno la "polepole" lililoandikwa juu ya ukurasa ni polepole ya kadiri gani? Sauti ikipungua, ipungue mpaka wapi? Fidla zikiwa na wimbo mkuu na selo zikawa na wimbo wa chini ulio mtamu vilevile, nani ampishe mwenzake? Okestra ya watu mia haiwezi kulijadili kila swali la namna hiyo; mazoezi yasingekwisha. Mtu mmoja anaamua, wengine wanapiga.

Mpango huo watu wengi huudhani ni wa kale kama muziki wenyewe, kumbe ni mgeni. Mtunzi Joseph Haydn, aliyeingia katika utumishi wa ukoo wa wakuu wa Esterházy mwaka 1761, aliongoza kundi lake akiwa ndani yake, fidla mkononi au ameketi kwenye kinanda. Walikuwapo waliogongesha fimbo sakafuni kutunza mapigo, na mtunzi Jean-Baptiste Lully wa Ufaransa alijigonga mguu kwa fimbo hiyo, kidonda kikaoza, akafa mwaka 1687. Lakini mtu asiyepiga ala yoyote, ambaye kazi yake nzima ni kuwatazama wengine na kupunga kijiti kidogo, ni wa karne ya 19. Mpiga fidla na mtunzi Mjerumani Louis Spohr alisimulia kwamba yeye ndiye aliyewaonyesha watu wa London kijiti hicho mwaka 1820. Mtunzi mwenzake Felix Mendelssohn alipokwenda Leipzig mwaka 1835 alikitumia kama jambo la kawaida. Tangu hapo okestra zilinenepa, watunzi wakaandika kazi zinazohitaji umati, hata Gustav Mahler akaizindua simfoni yake ya nane mjini Munich mwaka 1910 kwa wapigaji na waimbaji waliozidi elfu moja. Kazi ya namna hiyo bila mwongozaji haiendi. Simjui mtu makini anayedai vinginevyo.

Kwa hiyo okestra inayojiongoza haijafuta kitu cha asili. Imerudi katika namna ya zamani, ikiwa na ujuzi wa leo.

Ipo kazi moja ya Haydn ninayoipenda kwa sababu inaonyesha jambo hili waziwazi jukwaani. Mwaka 1772 mkuu wake alikaa muda mrefu kupita kawaida katika kasri la mashambani, na wanamuziki walikuwa huko bila familia zao, kama wavuvi wetu walioko kambini visiwani wakihesabu siku za kurudi. Haydn akaandika simfoni ambayo mwisho wake wapigaji wanamaliza mmoja mmoja, kila mtu anazima mshumaa wake na kuondoka, mpaka zinabaki fidla mbili tu. Mkuu akaelewa, kesho yake wakafunga safari. Fikiria ufundi unaohitajika hapo: kadiri watu wanavyoondoka, waliobaki wanapaswa kusikilizana zaidi, na hakuna mkono wowote wa kuwashika.

Sasa pingamizi, na ni pingamizi la haki. Wahenga wamesema manahodha wengi chombo huenda mrama. Anayeishi kando ya ziwa hili hahitaji kuelezwa. Watu wawili wakikamata usukani wakati upepo umegeuka, mmoja anavuta kwenda Ukerewe na mwingine anarudi Kirumba, mtumbwi unapigwa ubavuni. Je, watu 30 wenye elimu kubwa ya muziki, kila mmoja na maoni yake, watafikaje mwisho wa wimbo?

Methali ni ya kweli, na okestra zilizofaulu zimeitii. Ukiisoma vizuri, inakataza manahodha wengi kwa wakati mmoja. Haikatazi nahodha kubadilika kutoka safari hii hadi ile.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Orpheus Chamber Orchestra ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1972 na mpiga selo aitwaye Julian Fifer pamoja na wenzake. Mwanzoni walijaribu kila mtu aseme juu ya kila kitu. Muziki ulikuwa mzuri ila mazoezi yalikuwa marefu ya kuchosha, maana kila alama ilikuwa na kikao chake. Ndipo wakatengeneza utaratibu ambao naona ndio uvumbuzi wao mkubwa. Kwa kila kazi wanayotaka kupiga, wanachagua kundi dogo, watu kama watano hadi kumi kutoka sehemu mbalimbali za okestra, na mmoja wao anakuwa fidla kiongozi wa kazi hiyo. Kundi dogo linakutana peke yake kwanza. Linaisoma kazi, linakubaliana mwendo, linakubaliana nani apewe nafasi wapi. Kisha okestra nzima inaingia, na hapo yeyote anaruhusiwa kusimamisha mazoezi na kusema, lakini anasema juu ya mpango uliokwisha kuwapo. Kazi inayofuata katika onyesho lilelile, kundi linabadilika. Aliyekuwa kiongozi sasa anakaa nyuma na kumfuata aliyekuwa akimfuata.

Kuna jambo lao jingine dogo ambalo nataka mlikumbuke, kwa kuwa nitalirudia. Onyesho likikaribia, mmoja wao anaacha ala yake kitini, anashuka ukumbini, anakaa kwenye viti vya wasikilizaji na kusikiliza. Anaporudi anawaambia kile ambacho hakuna aliye jukwaani anayeweza kukisikia: pale filimbi zinamezwa, pale besi ni nzito mno. Mtu huyo si yuleyule kila mara.

Kwa utaratibu huo walipata tuzo ya Grammy mwaka 2001 kwa kurekodi kazi fupi za mtunzi Stravinsky, muziki wenye mapigo yanayobadilika karibu kila mstari, yaani muziki ambao mtu angeutaja kwanza kama ushahidi kwamba mwongozaji hakwepeki.

Walikuwapo waliotangulia. Mjini Moscow mwaka 1922, miaka mitano tu baada ya mapinduzi, mpiga fidla Lev Tseitlin aliunda okestra iliyoitwa Persimfans. Hao walikuwa na sababu ya kisiasa: ikiwa kiwanda hakina bwana, kwa nini okestra iwe naye? Walikaa wakizungukana ili waonane, hata baadhi yao wakawapa wasikilizaji mgongo. Kila mmoja alipaswa kuijua kazi nzima, si karatasi yake peke yake. Mtunzi Sergei Prokofiev alipiga nao mwaka 1927, na ushuhuda wake una thamani kuliko sifa za wanasiasa. Aliona kwamba vifungu vigumu vilivyo na nota nyingi za haraka waliviweza kwa urahisi, maana kila mpigaji alijiona kama mpiga solo na kujiandaa hivyo. Kilichowatesa ni kubadilisha mwendo: wimbo unapopunguza kasi taratibu, watu wote wanatakiwa kuhisi upungufu huo kwa kadiri ileile, na hapo hakuna nota inayokusaidia. Okestra ile ilivunjika mwaka 1932.

Kila mwimbaji wa kwaya anamwelewa Prokofiev. Kolasi ya haraka inajibeba yenyewe. "Amina" ya mwisho, ile inayovutwa, ndiyo inayowaumbua.

Basi wanafanyaje? Hapa ndipo ningependa tusogee karibu, maana ndilo swali la yule mama wa sauti ya kwanza: nani anaanzisha?

Mtazame fidla kiongozi kabla ya nota ya kwanza. Anainua ala kidogo begani. Upinde unaning'inia juu ya nyuzi bila kuzigusa. Kisha anavuta pumzi, na pumzi hiyo haivutwi ovyo: urefu wake ni pigo moja la wimbo unaokuja. Wimbo ukiwa wa haraka, pumzi ni fupi na kali, kichwa kinaruka. Ukiwa wa polepole, kifua kinajaa taratibu na upinde unapaa kwa mwendo uleule. Mwenye selo upande wa pili amekwisha kujua mwendo, na hata ukali wa sauti, kabla sauti yoyote haijatoka. Wote wamevuta. Upinde unashuka. Nota ya kwanza ni hatua ya pili. Ya kwanza ilikuwa pumzi.

Fundi wetu wa Makoroboi hakuwa amesoma hayo popote. Alikuwa mpiga tarumbeta harusini katika ujana wake.

Baada ya kuanza, kazi inahama. Katika wimbo mmoja anayefuatwa si lazima awe fidla kiongozi kila mahali. Kuna kifungu ambacho viola ndizo zenye mapigo madogomadogo yasiyokatika, tika-tika-tika, na kila mwenye akili anazifuata hizo kwa kuwa ndizo zenye saa. Kuna mahali wimbo unasimama, kimya, halafu besi inaingia peke yake. Hapo mwenye besi ndiye nahodha kwa sekunde tatu. Wapigaji wanalijua hilo kwa sababu wamesoma kazi nzima. Ndiyo maana wanamuziki wa makundi haya husema kwamba wanachoka zaidi. Katika okestra kubwa, mpigaji wa kiti cha nane cha fidla ya pili anaweza kuhesabu mapigo ya kimya chake akisubiri kuonyeshwa mkono. Hapa hakuna wa kumwonyesha. Asipojua mwenzake anapiga nini, amepotea.

Je, uchovu huo una faida? J. Richard Hackman wa Harvard, aliyetumia maisha yake kuchunguza namna watu wanavyofanya kazi pamoja, aliwalinganisha wapigaji wa okestra kubwa na watu wa kazi nyingine, na katika kuridhika na kazi kwa ujumla wakaangukia chini kidogo ya askari magereza. Watu wa makundi ya wapiga nyuzi wanne, yasiyo na mwongozaji, walikuwa juu kabisa kwa hamu ya kazi. Muziki ni uleule, ala ni zilezile, na mafunzo yao karibu ni mamoja. Nadhani tofauti ni hiyo ya kuulizwa. Mtu aliyefanya mazoezi tangu akiwa na miaka sita anataka, angalau mara mojamoja, kuulizwa anaonaje.

Niseme pia kwamba mpango huu haupunguzi gharama kama wengine wanavyodhani. Mshahara wa mwongozaji unaondoka, lakini saa za mazoezi zinaongezeka, na saa za mazoezi zinalipwa.

Kuondoa mwongozaji kumefungua mlango wa mambo mengine, ndiyo maana makundi haya hutajwa kama sura ya kisasa ya muziki wa klasiki. Australian Chamber Orchestra, iliyozaliwa mwaka 1975 na kuongozwa na mpiga fidla Richard Tognetti tangu karibu mwaka 1990, hupiga wakiwa wamesimama, isipokuwa wenye selo. Ukiona mara ya kwanza unaweza kudhani ni urembo. Jaribu kuimba ukiwa umekaa kwenye benchi, halafu simama uimbe tena, utajua. Aliyesimama anageuka, anamtazama mwenzake, anayumba na wimbo, na pumzi yake inaonekana na mwili mzima. Mjini Boston kuna A Far Cry, kundi lililoanza mwaka 2007, ambalo hubadilishana uongozi na kupanga kwa pamoja hata nyimbo za msimu. Les Dissonances ya Ufaransa, iliyoanzishwa na mpiga fidla David Grimal mwaka 2004, imethubutu hata kupiga simfoni kubwa bila mwongozaji. London kuna Aurora Orchestra, ambayo inaye mwongozaji, lakini mwaka 2014 ilipiga simfoni ya 40 ya Mozart yote kwa kichwa, bila karatasi hata moja jukwaani. Naitaja kwa sababu njia ni tofauti ila shabaha ni ileile: kuondoa kitu kinachosimama kati ya mpigaji na mwenzake.

Wengi wa hao pia wanachanganya. Kazi ya mwaka 1721 ya Bach inawekwa jirani na kazi iliyoandikwa mwaka huu na mtunzi aliyekaa mstari wa tatu ukumbini. Wanapiga kwenye maghala, kwenye baa, kwenye vituo vya zamani vya reli. Wanaweka taa za rangi na picha ukutani. Kwa maoni yangu hayo ya taa yanakuja na kupita. Kusimama, kukumbuka kwa kichwa na kuweka jirani kazi za zamani na mpya ndiyo mambo yatakayobaki, kwa kuwa yanabadilisha kinachosikika na si kinachoonekana tu.

Sasa turudi nyumbani, maana sitaki msomaji wa Nyakato au Buswelu adhani nasimulia mambo ya ng'ambo peke yake.

Nenda Bujora, pale Kisesa, mwezi wa sita wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Bagika na Bagalu, zile jamii mbili za ngoma za Wasukuma zinazofuatisha asili yao kwa Ngika na Gumha, wanacheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watu wanahama kutoka huku kwenda kule kumfuata anayewavutia. Katikati ya kila kundi yuko ningi, manju wao. Hapungi kijiti. Anaimba, anacheza, jasho linamtoka kama wengine, na anapotaka kubadilisha mwendo anaubadilisha mwilini mwake kwanza. Wapiga ngoma wanamsoma begani. Huo ndio uongozi wa Haydn akiwa na fidla yake: kiongozi aliye ndani ya sauti anayoiongoza.

Au simama Buzuruga Jumamosi jioni, msafara wa harusi unapopita na matarumbeta nyuma ya gari la wazi. Vijana saba au nane, gari linaruka kwenye matuta, honi za bodaboda pande zote, upepo unachukua nusu ya sauti. Nani anawaongoza? Ngoma kubwa inashika mwendo. Tarumbeta ya kwanza inapiga kipande kifupi cha wimbo unaofuata, kama mtu anayebisha hodi, na wenzake wanajua pa kuingilia. Wakitaka kumaliza, mwenye tarumbeta anainua mdomo wa ala juu mara moja. Wanakata pamoja, gari likiwa linatembea. Kuna wanamuziki wa vyuo vikubwa ambao wangelipa kujifunza hilo.

Na kwa upande wa wale wenye karatasi, mkoa wetu una hazina kubwa ya watu wanaosoma nota, wengi wao nota za doh-re-mi walizofundishwa kanisani. Kwaya za Mwanza, kama ile ya Vijana ya AIC Makongoro inayojulikana nchi nzima, zimelea masikio ya maelfu ya watu. Wengi wetu tumezoea kumtegemea mwalimu kwa kila kitu: anachagua wimbo, anatoa sauti, anarekebisha, anaongoza, na akiugua mazoezi yanaahirishwa. Simlaumu mwalimu yeyote. Kwaya ya watu arobaini, nusu yao wakiwa wameingia mwaka huu, inamhitaji sana. Lakini waimbaji kumi na wawili waliokaa pamoja miaka mitano wanaweza kujaribu wimbo mmoja kwa utaratibu wa New York: watu watatu wakutane Jumanne kuusoma na kuupanga, wote waje Alhamisi, na mwezi ujao watatu wawe wengine. Wajipange nusu duara, wasimame karibu, waonane macho. Waanze na wimbo wenye mwendo mmoja, wauache kwanza ule wenye "Amina" ya kuvuta.

Sisi tulijaribu. Mwalimu wetu alifika siku ile misa ikiwa imekwisha, viatu vimejaa vumbi, akasimuliwa yote. Tulidhani atakasirika. Alinyamaza, akauliza pumzi ilivutwa na nani, akaenda kumshika mkono yule mzee. Wiki iliyofuata alituambia tuimbe wimbo uleule bila yeye. Akachukua daftari lake, akatembea hadi benchi la mwisho karibu na mlango, mahali ambapo kwa miaka kumi na moja ya kutufundisha hakuwahi kukaa wakati tunaimba, akaketi na kukunja mikono.

Mzee akavuta pumzi. Tukaimba ubeti wa kwanza na kolasi. Mwalimu akainua kalamu juu, tukanyamaza.

"Sauti ya pili," akaita kutoka kule mlangoni, "huku nyuma hamsikiki hata kidogo."